Kukesha si Sifa

Kuna sifa moja ya uongo iliyokaa katika vyuo vikuu kwa muda mrefu bila ya kutahiniwa. Ni ile isemayo kuwa mwanafunzi akeshaye ndiye mwenye bidii, na alalaye ni mvivu. Wazee huitoa kama wasia, walimu huirudia kama kanuni, na vijana huipokea kama sheria. Haina budi kukanushwa.

Mwanafunzi atokaye Kigoma au Songea kwenda Mlimani, Dar es Salaam, huacha nyuma mama, jamaa na kitanda alichokizoea. Mambo aliyokuwa akiamuliwa na wengi sasa huyaamua peke yake: chakula, nauli na ada. Mkopo ukichelewa, hana mlango wa shangazi wa kubisha hodi. Akikosa chumba hubebwa na mwenziwe, wawili katika kitanda cha mmoja. Desturi hiyo imepata hata jina, kubebana. Mwaka 2017 zilifunguliwa pale hosteli za wanafunzi 3,840, lakini kitanda peke yake hakiutulizi moyo wenye hofu. Hofu hufukuza usingizi, na ukosefu wa usingizi huzidisha hofu. Kila kimoja ni mzazi na mtoto wa mwenziwe.

Watetezi wa kukesha husema, mtaka cha uvunguni sharti ainame. Ni kweli, lakini aliyeinama usiku kucha hasimami wima asubuhi, na mtihani hufanywa asubuhi. Wataalamu wa usingizi wa Marekani walikubaliana mwaka 2015 kuwa mtu mzima ahitaji saa 7 au zaidi kila usiku. Usingizini ndimo ubongo huyaimarisha yaliyosomwa mchana. Basi akeshaye humwaga kwa mkono wa kushoto alichokiteka kwa mkono wa kulia.

Husemwa pia kuwa hofu ni udhaifu wa vijana wa siku hizi. Baadhi ya wasemao hivyo walisomeshwa na serikali, kabla ya uchangiaji wa gharama kuanza katika miaka ya 1990. Aliyelala bila deni si hakimu wa haki juu ya alalaye nalo.

Chuo kipimacho maarifa kina wajibu wa kukilinda chombo kiyahifadhicho. Mkopo ufike kwa wakati, kila mwanafunzi awe na kitanda chake, mabweni yawe na saa za kimya, na apatikane mshauri asiyeifanya hofu kuwa aibu. Mpaka hayo yatimizwe, kumkaripia kijana asinziaye darasani ni kumpiga aliyekwisha anguka.