Fimbo isiwe urithi

Mwezi huu tuzungumzie urithi ambao hakuna mzazi angependa kuuacha.

Utafiti uliofanywa Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walipata kipigo au ukatili mwingine wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wao leo ni wazazi.

Mtoto aliyekulia katika hofu huizoea. Akiisha kuwa mzazi, mbuzi wakiingia tu katika shamba la jirani, hasira huwaka kabla hajafikiri, na mkono wake hupiga kama alivyopigwa. Si kwamba hampendi mwanawe. Hayo ndiyo malezi aliyoyaona.

Hata hivyo, mnyororo huu hukatika. Jaribu haya:

Kwanza, hasira ikipanda, ondoka kidogo. Chochea moto au fagia uwanja, kisha rudi umwonye mtoto kwa maneno.

Pili, kubaliana na mumeo, na bibi wa watoto pia, juu ya adhabu isiyo fimbo. Aliyezembea mbuzi akasaidie kupanda upya mahindi yaliyoliwa.

Tatu, ukimwonea mtoto, mwombe radhi. Heshima yako haitapungua.

Nne, yaliyokuumiza utotoni usiyafukie moyoni. Mweleze mtu mzima unayemwamini, atunzaye siri.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na ndivyo atakavyowalea wajukuu zako.