"Ndivyo Ilivyo" Si Jibu

Nilitoka Nyakahura na begi moja, nikavuka daraja la Rusumo nikicheka: kufundisha Kiswahili Rwanda kutanishinda nini, nami nimekisema tangu utotoni? Siku ya kwanza mwanafunzi akauliza: "Mbona twasema 'rafiki yangu', kisha 'amefika', si 'imefika'?" Nikajibu, "Ndivyo ilivyo." Darasa likacheka, mimi sikucheka tena.

Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, nasi tukadhani kila mzungumzaji ni mwalimu. Nakataa! Kitenzi hufuata uhai wa rafiki. Kimilikishi hufuata ngeli ya jina. Sababu ipo, ila hatukuitafuta. Enyi malenga, mnaokataa shairi lililopungua mizani moja, mbona mwamkubali mwalimu aliyepungukiwa sarufi?