Kanyanga ya Uvira: ni nini inakosa ili ikuwe na chupa na jina lake?

Mu Kimanga, Mulongwe ao Kavimvira, kanyanga inauzishwa kwa glasi ndogo ao mu chupa ya plastiki iliyokwisha kubeba maji. Haina etiketi, haina tarehe, na mnywaji hajui imetoka kwa nani. Pombe kali zenye kutoka inchi jirani ziko na jina, nguvu yake imeandikwa, na mtengenezaji anajulikana. Lakini zote mbili zinapikwa kwa njia moja: kitu chenye kuchachuka, moto, mvuke, maji baridi. Sasa kwa nini moja iko na jina na ingine inabaki mu bidoni?

Ulizo hili limekuwa zito zaidi tangu Juni 2025, wakati Heineken ilitangaza kwamba imepoteza uongozi wa vituo vyake vya Bukavu na Goma juu ya vita, na kuondoa wafanyakazi wake. Kiwanda kikubwa kikisimama, watu hawaachi kunywa. Wanageukia kile kiko karibu na cha bei ndogo. Njo maana mambo ya kanyanga haiko tena mambo ya walevi peke yao.

Kwanza, tuseme kazi yenyewe. Unga wa muhogo, mahindi ao ndizi vinachachuka siku kadhaa, kisha vinapikwa mu pipa la chuma. Mvuke unapita mu tiyo, tiyo inapita mu maji, na pombe inatona. Mama mpishi anaonja, ao anawasha kidogo na moto aone kama inawaka. Huo ni ujuzi wa kweli, haupatikane mu masomo. Lakini unaishia kwa kila nyumba. Kanyanga ya leo ni kali, ya kesho ni nyepesi, ya jirani inanuka moshi.

Mu inchi zenye kupika pombe kali kiwandani, matone ya kwanza yanatupwa, juu yako na vitu vyenye kuumiza kichwa na tumbo, na ya mwisho nayo yanatengwa, juu ni mepesi na yananuka vibaya. Kinachobaki ni cha katikati. Kwa mama mwenye kulipa masomo ya watoto na kila litre, kutupa hata glasi moja ni kazi ngumu. Na kuna hatari ingine ambayo kutupa matone ya kwanza haitoshe kuiondoa: metanoli. Vifo vya watu wengi kwa mara moja vinatoka mara nyingi kwa mchuuzi mwenye kuongeza alkoli ya kiwanda mu pombe ili iwe kali. Kabale, Uganda, mu 2010, watu karibu 80 walikufa kwa waragi yenye metanoli. Kirinyaga, Kenya, mu Februari 2024, walikufa angalau 17. Mu bidoni isiyo na jina, hakuna wa kuulizwa.

Uganda ilikuwa na shida hii mbele yetu. Mu 1965 serikali ilitoa sheria ya enguli, njo jina la pombe ya kienyeji kule. Kupika bila ruhusa kulikatazwa, na wenye ruhusa walipashwa kuuzisha pombe yao kwa kiwanda. Kiwanda kiliipika tena, kikaisafisha, kikaitia mu chupa: ikawa Uganda Waragi. Wazo lilikuwa la akili, juu mpishi wa kijiji alibaki ndani ya kazi. Upande mbaya ni kwamba jina na faida vilienda kwa kiwanda. Na wale hawakupata ruhusa waliendelea kupika kwa kujificha. Kabale ilionyesha hivyo miaka 45 nyuma.

Mbali zaidi, kuna mfano ambao wengi hapa hawaujui. Mu 2000, Mmarekani John Glaser alianzisha Compass Box, kampuni ya whisky yenye makao London. Hakuanza na kiwanda cha kupika. Alinunua whisky iliyokwisha kupikwa na wengine kule Scotland, akachagua pipa kwa pipa, akachanganya, akatia jina lake. Kazi ya kuchanganya njo inafanya chupa ya mwezi huu ifanane na ya mwezi ujao, ao itoe ladha ambayo pipa moja haiwezi kutoa. Hata yeye sheria ilimfunga. Mu 2005 alitoa Spice Tree, whisky iliyolala na vibao vya mti mpya ndani ya pipa. Chama cha watengenezaji wa whisky kilisema hiyo haikubaliwe, akaiondoa kwa soko. Mu 2009 ilirudi: safari hii alitumia mti mpya kwa vifuniko vya pipa, si vibao vya ndani.

Nairobi nako kuna Procera, jini yenye kutumia tunda la mtarakwa, mti wa milima ya Kenya, likiwa bichi. Wengine kwa kawaida wanatumia tunda kavu la Ulaya. Kile kilikuwa porini karibu nao njo kilikuwa sababu ya jina.

Uvira iko na nini? Iko na bonde la Ruzizi, muhogo na mahindi, na miwa ya Kiliba, hata kama kiwanda cha sukari kilisimama mu 1996 juu ya vita. Iko pia na wapishi. Kitu kinachokosekana si kupika, ni kukusanya. Wapishi kumi wakileta pombe yao kwa nyumba moja, ipimwe nguvu na alkometa, ile mbaya ikataliwe, ile nzuri ipikwe tena na kuchanganywa, tayari kuna mwanzo wa jina. Alkometa ni tiyo ndogo ya kioo, si mashine ya tajiri. Lakini haionyeshe metanoli: kwa hiyo kunahitajika laboratware, na hapo OCC inaingia.

Kisha inakuja karatasi. Sheria ya aksizi ya Machi 2018 inaweka pombe kali chini ya DGDA: ruhusa kwanza, ushuru baadaye. Kampuni inaandikishwa kwa Guichet Unique. Kwa mama wa Kimanga, njia hii ni ndefu, na mu muji ambao vita vimesumbua ofisi, ni ndefu zaidi. Rwanda yenyewe ilichagua njia ingine: kanyanga inahesabiwa pamoja na madawa ya kulevya. Mtu wa Uvira hawezi kufikiria soko la kule.

Na chupa? Amri ya 30 Desemba 2017 ilikataza mifuko na vifungio vingi vya plastiki. Tanzania ilifunga viroba tarehe 1 Machi 2017, Uganda nayo ikafuata mu 2019, juu vilikuwa rahisi kufichwa na watoto wa shule. Wazazi na makanisa ya Uvira wako na haki kuogopa jina jipya la pombe wakati vijana hawana kazi. Lakini wanaogopa kitu ambacho tayari kiko kwa kila avenue, bila jina. Chupa ya kioo inapandisha bei, na bei hiyo itaacha nje mnywaji wa glasi ya franka kidogo. Huyo atabaki na bidoni. Kwake, jina halitabadilisha kitu kama hakuna mtu wa kupima ile bidoni pia, na kazi hiyo ya kupima, kwa sasa, haina mwenyewe mu Kimanga.