Tusiwalaumu wenye mabasi peke yao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya nauli za mwezi Desemba. Kila mwaka Krismasi inapokaribia, wananchi wanaotoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro hulalamika kwamba wamelanguliwa tiketi. Lawama zote huangushiwa wenye mabasi. Naona jambo hili lina mizizi zaidi ya hapo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Rombo. Mwaka mzima migombani hubaki wazee na wajukuu. Ikifika tarehe 20 Desemba kijiji hufurika. Ndizi zimekwisha kuivishwa na ulezi kusagwa kwa ajili ya mbege, mbuzi wamefungwa, na ukoo unakutana kuzungumzia mipaka ya kihamba, mahari na masomo ya watoto. Kikao hicho hakina mwezi mwingine. Anayetuambia tusafiri Machi kwa kuwa nauli ni nafuu hajaelewa tunachokifuata.

Sasa tazama hesabu. Basi linalopanda limejaa tarehe 22 hurudi Dar es Salaam karibu tupu. Baada ya mwaka mpya mambo hugeuka. Mwenye basi anahesabu safari mbili, abiria wanaolipa ni wa safari moja. LATRA hutangaza nauli kikomo na kutoa vibali vya muda kwa magari ya ziada, nalo ni jambo jema. Lakini nauli kikomo haiongezi kiti hata kimoja, na kiti kikiwa haba mlanguzi hakosi. Kwa maoni yangu dawa ni reli. Treni ya abiria ilirejeshwa hadi Moshi Desemba 2019, na injini moja huvuta abiria wa mabasi mengi.

Mwalimu ndiye anayeona matokeo. Tangu 2016 ada imefutwa, lakini sare na daftari ni za mzazi. Januari huja darasani watoto wenye viatu vipya vya sikukuu na hawana daftari. (Mbege nayo ina sehemu yake, sikatai.) Baba aliyelipia watu watano kwenda na kurudi, kwa bei ya mlanguzi, atabakiza nini?

Naomba wahusika watangaze tangu Oktoba idadi ya mabasi na mabehewa ya ziada, na tiketi ya kwenda na kurudi iuzwe pamoja, ili mzazi ajue mapema kitakachobaki mfukoni shule zikifunguliwa.

Mwalimu,
Rombo, Kilimanjaro.