Njia za baiskeli: Kizingitini isingoje yaliyoikuta Nairobi

Mjadala wa njia za baiskeli nchini Kenya aghalabu huanzia Nairobi na kuishia huko huko, na huenda mkazi wa Kizingitini akauona kuwa ni anasa ya watu wa bara. Mji huo wa wavuvi, ulioko kaskazini mashariki mwa kisiwa cha Pate, ulijengwa kwa kipimo cha binadamu na punda. Baiskeli hupita vichochoroni bila kuhitaji mstari wa rangi wala kibao.

Lakini hali inabadilika. Bodaboda zimeingia kisiwani na sasa huunganisha Kizingitini na Faza, Tchundwa, Siyu na Pate. Nafuu waliyoleta haikanushiki, hasa kwa mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya Faza. Hata hivyo, chombo chenye injini kikiingia katika njia ya watu, asiye na injini ndiye husukumwa kando. Wa kwanza kuiacha njia ni mtoto aendaye chuoni kwa baiskeli, kisha mzee.

Nairobi imelipia funzo hilo kwa bei ghali. Mnamo 2015 kaunti hiyo ilikuwa na sera ya usafiri usiotumia injini, iliyoahidi asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Kuanzia 2020, vijia vipya vilijengwa katikati ya jiji. Lakini mnamo 2022 ikafunguliwa barabara ya kulipia ya kilomita 27, inayofuata barabara ya Mombasa kwa sehemu kubwa, ambayo mwenye baiskeli haruhusiwi kuikanyaga. Kandoni mwake, anayekwenda kazini eneo la viwandani angali anabahatisha maisha yake kati ya malori na matatu.

Ndiyo maana hisia za wakazi wa jiji zimegawanyika. Wengi wanazitaka njia za baiskeli, ila wanaoziamini ni wachache. Njia huanza vizuri, ikafika kwenye mzunguko wa magari ikatoweka. Pale isipotoweka, bodaboda huigeuza njia ya mkato, gari likaegeshwa juu yake, mchuuzi akatandaza bidhaa. Mchuuzi naye ana hoja, kwani aliyechora barabara hakumtengea pahali. Dar es Salaam ilikutana na kero hizo hizo kandokando ya barabara ya mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kazi 2016.

Kwa hivyo saruji peke yake haitoshi. Njia huwa ya baiskeli pale isipokatika na pale anayeivamia anapozuiwa.

Ndani ya mji, Kizingitini haina haja ya kujenga njia ya pekee, wala nafasi haipo. Inachohitaji ni kituo cha bodaboda nje ya vichochoro, abiria wamalizie safari kwa miguu. Kazi kubwa iko nje ya mji, katika barabara ya kuunganisha vijiji. Kila sehemu yake inapotengenezwa, ukingo mpana wa baiskeli, punda na watembeao ungepimwa pamoja nayo, kabla maduka na nyumba hazijasogea. Kumwachia mtu ukingo leo ni kuchora mstari kwenye ramani. Kuudai baada ya miaka kumi ni kubomoa ukuta wa jirani na kwenda mahakamani.

Mji Mkongwe wa Lamu una hadhi ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na kila badiliko la njia zake hutazamwa na macho ya mbali. Kizingitini haina ngao hiyo. Inayo Katiba ya 2010, iliyokabidhi kaunti barabara zake pamoja na usimamizi wa magari. Makadirio ya fedha hutakiwa kufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, na wananchi hualikwa kutoa maoni. Katika vikao hivyo wenye pikipiki wana chama cha kuwasemea. Mwenye baiskeli na mwenye punda wasipohudhuria wenyewe, upana wa barabara utaamuliwa bila wao.