Ugonjwa Ule Una Jina

Naomba nafasi katika jarida letu niseme jambo lililonikaa kooni tangu nikiwa kidato cha kwanza. Wavulana wenzangu, najua mtacheka mkifika katikati. Chekeni, lakini msiache kusoma.

Mama yangu alikuwa na kibanda cha mboga hapa Makongeni. Jioni watu waliposhuka kwenye matatu walimkuta ameketi, kisu mkononi, akikata sukuma wiki nyembamba kama nyuzi huku akipiga gumzo na wateja watatu kwa pamoja, na kisu chenyewe hata hakitazami. Alijua nani hupata mshahara tarehe ngapi, na nani apewe kwa deni bila kuaibishwa mbele za watu. Baba naye ni mfanyakazi wa kiwandani, zamu ya usiku. Asubuhi akitoka kazini alipitia kibandani kwanza, akashusha magunia ya Mama, akamwagilia maji mboga, ndipo akaenda kulala. Sikuwahi kuwasikia wakiitana majina matamu kama yale ya redioni. Lakini magunia yale Baba hakuwahi kuyakosa hata siku moja, mvua inyeshe au isinyeshe.

Mama alituaga mwaka wa 2023. Siku ya mazishi, kule Murang'a, wasifu wake ulisomwa vizuri sana: alizaliwa lini, alisomea wapi, aliimba kwaya gani. Kisha tukaambiwa kwamba "ameugua kwa muda mfupi". Muda mfupi! Mimi niliyekuwa nikimshika mkono akienda msalani usiku nilijua ni miezi 14. Baadaye nikaja kujua kwamba usiku uliotangulia wakubwa walikuwa wamebishana, na sentensi moja ikafutwa kwa kalamu. Sentensi hiyo ilisema kwamba aliugua kansa ya mlango wa kizazi. Ati watu wangesemaje?

Maoni yangu ni kwamba kalamu ile ilikosea, na naomba radhi kwa wakubwa wangu kwa kusema hivyo.

Ajabu ni kwamba hofu hii hatuna tunapozungumzia watu wakubwa. Profesa Wangari Maathai alipofariki Septemba 2011, nchi nzima iliambiwa wazi kwamba ni kansa. Mwezi wa Julai 2019 tulimpoteza Bob Collymore wa Safaricom tarehe 1, mbunge wa Kibra Ken Okoth tarehe 26, na gavana wa Bomet Joyce Laboso tarehe 29, wote kwa kansa. Mwezi huo neno "kansa" lilikuwa kwenye kila matatu na kila kinyozi. Nilikuwa darasa la tano na nakumbuka Mama mwenyewe akimsikitikia Bi Laboso pale kibandani. Lakini ikiingia nyumbani kwetu inakuwa "ule ugonjwa", na sauti inashuka.

Na kunong'ona huku kuna gharama. Mama mdogo amenieleza kwamba Mama alianza kutokwa na damu isiyo ya kawaida karibu mwaka mzima kabla ya kwenda hospitali. Alinunua vidonge vya maumivu dukani akarudi kukata mboga. Aliona haya. Alihofu watu wangedhani ni ugonjwa wa umalaya. Hata Baba hakumwambia, Baba yule yule wa magunia. Alipopimwa, ugonjwa ulikuwa umekwisha kusambaa. Ndipo zikaanza safari za miale katika hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, siku 5 kwa wiki, na michango ya majirani, na kile kibanda kikafungwa.

Hebu tuyaseme basi. Kansa hii karibu kila mara huletwa na virusi viitwavyo HPV. Huambukizwa kwa kujamiiana, ni kweli, lakini ni vya kawaida mno hivi kwamba watu wengi walio katika ndoa zao halali hukutana navyo wakati mmoja au mwingine. Mara nyingi mwili huvishinda wenyewe. Visiposhindwa, huweza kuchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kuwa kansa. Miaka yote hiyo mtu anaweza kupimwa! Kipimo kimoja ni cha siki: muuguzi hupaka siki kwenye mlango wa kizazi, na sehemu yenye kasoro hugeuka nyeupe baada ya dakika chache. Siki, wenzangu, kitu cha kuwekwa kwenye kachumbari. Mama hakuwahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba kipo.

Tena kuna chanjo. Serikali ilianza kuitoa bila malipo Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10. Kitindamimba wetu ametimiza miaka hiyo mwaka huu, na nyumbani kukazuka vita baridi. Nyanya alikataa katakata.

"Mnataka mtoto asizae?" akauliza.

Baba hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mama, huyu alizaliwa na nani? Na yuko wapi?"

Nyanya akanyamaza, akashika leso yake. Sidhani amekubali hadi leo, lakini hakumzuia.

Likizo ya Aprili tuliandamana naye, sisi watatu, hadi kituo cha afya. Foleni ilikuwa ndefu, akina mama na watoto migongoni. Muuguzi akauliza mama wa mtoto yuko wapi, kwa sababu Baba ndiye aliyekuwa mwanamume pekee pale, ukiniondoa mimi. Baba bado alikuwa na nguo za kazi. Akajibu kwa sauti ya kawaida, ile anayoitumia kuitisha chai: "Alifariki kwa kansa ya mlango wa kizazi."

Pakawa kimya. Mimi nilitazama chini, sitawadanganya. Kisha mama mmoja aliyekuwa nyuma yetu, mwenye kapu la nyanya, akamsogelea muuguzi akauliza polepole kile kipimo hufanywa chumba kipi.