Tarakilishi Nayo Iulize: Mshipa Upi?

Kuanzia Kilifi hadi Malindi wanaume hunong'ona kuhusu "mshipa". Neno hilo lina mambo. Huenda ni ngiri, yaani utumbo uliojipenyeza kwenye kinena. Huenda ni busha, maji yaliyojaa kwenye korodani. Na kwa mwalimu wa sayansi mshipa ni njia ya damu tu!

Kwa sababu ya haya, wengi huiuliza simu kabla ya kumwuliza daktari. Siwalaumu. Lakini mtambo unaotafuta neno kwa neno utawaletea mishipa ya moyo, nao wataendelea kuvumilia.

Wataalamu wamelifikiria jambo hili. Mwaka 2001 Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, alieleza na wenzake jinsi habari zinavyoweza kuhifadhiwa kwa maana na uhusiano wake. Mbu hueneza minyoo ya filaria. Minyoo hiyo huleta busha, na hiyo hiyo huleta matende. Mambo yakifungamanishwa hivyo, anayeuliza kuhusu busha ataonyeshwa pia kwamba dawa za kuzuia minyoo hiyo zilianza kugawiwa umma Kilifi mwaka 2002.

Taabu ni kwamba hazina kama hizo huulizwa kwa lugha maalumu, SPARQL, iliyoidhinishwa mwaka 2008. Mvuvi wa Mayungu ataijulia wapi? Mimi mwenyewe, pamoja na digrii yangu ya udaktari, siijui.

Kwa maoni yangu, neno la mgonjwa lipokewe kama lilivyo, ila lisikisiwe. Ngiri iliyonaswa huweza kuua utumbo kwa muda wa saa chache, ilhali busha kwa kawaida husubiri upasuaji wa kupangwa. Basi mtambo umwulize: Je, uvimbe hurudi ndani ukilala chali? Unatapika? Kisha umwonyeshe kwa Kiswahili ulichoelewa, apate nafasi ya kusema, "Sivyo." Na wanaouunda waketi kwanza na wauguzi wa zahanati zetu, maana maneno haya hayamo katika orodha za magonjwa zitokazo Ulaya.

Kwa sasa, usiandike "mshipa" peke yake. Andika "uvimbe wa korodani" au "uvimbe wa kinena". Uvimbe ukiwa mgumu, ukauma sana, nawe ukatapika, tia simu mfukoni uende hospitali usiku huo huo.